Chama cha gofu cha mkoa: namna ya kukiunda, kukiendesha na kuitunza historia yake

Kwa miaka 11 nilikuwa katibu wa chama cha gofu ya ridhaa cha mkoa, na miaka 4 kabla ya hapo nilikaa kwenye kamati yake ya handikapu, yaani idadi ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake; kadiri alivyo bora, ndivyo inavyokuwa ndogo. Tangu nikabidhi ofisi, watu wa klabu ndogo hunijia na swali lilelile: tuko klabu nne, tunataka kuungana, tuanzie wapi? Nikiwauliza wamefikia wapi, mara nyingi naambiwa kombe limeshanunuliwa.

Kombe lisubiri. Chama cha mkoa kina kazi moja iliyo kubwa kuliko kombe: kuhakikisha kwamba kadi ya mikwaju iliyotiwa saini katika klabu moja inaaminika katika klabu nyingine. Mchezaji akienda ugenini na handikapu ya 12, mwenyeji aipokee ile 12 bila kunong'ona. Katiba, kamati, ratiba na hata sanduku la nyaraka, yote nitakayoeleza hapa, yapo kwa ajili hiyo.

Jueni kwanza vyama hivi vilitoka wapi

Msiandike katiba kabla ya kuijua historia, kwa sababu mitego mingi mtakayokutana nayo imeshanasa wengine zamani.

Mwaka 1744 wachezaji wa Leith, karibu na Edinburgh huko Uskoti, waliandaa shindano la kugombea fimbo ya fedha iliyotolewa na jiji. Waliandika kanuni 13, na hizo ndizo kanuni za gofu za kale kuliko zote zinazojulikana. Shindano lile lilitangazwa wazi kwa wachezaji wa kutoka sehemu yoyote ya Uingereza na Ayalandi. Hapo ndipo sababu ilipo. Watu wa uwanja mmoja huelewana kwa mazoea, lakini mgeni akija, mazoea hayatoshi. Lazima pawe na maandishi. Wakati ule hata idadi ya mashimo haikuwa moja. Leith kulikuwa na mashimo 5, St Andrews kulikuwa na 22 hadi mwaka 1764 yalipopunguzwa kuwa 18.

Kwa muda mrefu klabu ziliendelea hivyo, kila moja na desturi zake. Mwishoni mwa karne ya 19, klabu zilipokuwa nyingi na treni zikawa zinasafirisha wachezaji, vyama vikaanza kuzaliwa kwa kasi: muungano wa Ayalandi mwaka 1891 mjini Belfast, muungano wa gofu ya wanawake wa Uingereza mwaka 1893, muungano wa klabu za Yorkshire mwaka 1894, na chama cha Marekani, USGA, mwaka huohuo wa 1894.

Kisa cha Marekani ndicho ninachowasimulia wanakamati wapya. Mwaka 1894 klabu mbili, ile ya Newport na ile ya St. Andrew's ya New York, ziliandaa kila moja shindano lake na kuliita ubingwa wa taifa wa ridhaa. Newport alishinda William Lawrence. St. Andrew's alishinda Laurence Stoddart. Nchi moja, mwaka mmoja, mabingwa wawili. Charles Macdonald, aliyemaliza wa pili kote kuwili, alilalamika mara zote mbili. Unaweza kumwona mtu mgumu, lakini kiini cha lalamiko lake kilikuwa na uzito: klabu ilipata wapi mamlaka ya kumtangaza bingwa wa wote? Tarehe 22 Desemba 1894 wajumbe wa klabu tano walikutana New York wakaunda chama. Mwaka uliofuata ubingwa ulichezwa Newport chini ya chama hicho, na Macdonald akaushinda. Safari hii hapakuwa na bingwa wa pili.

Wanawake wa Uingereza nao wana somo lao, na kwangu mimi ni kubwa zaidi. Isette Pearson, katibu wa kwanza wa muungano wao, alishikilia kwamba handikapu ipimwe kwa kipimo kimoja katika klabu zote. Klabu zilikuwa zimezoea kujipangia, na kazi ile ilimchukua miaka. Wanawake walifika huko mapema kuliko wanaume wa nchi hiyohiyo. Dunia nzima ilikuja kupata mfumo mmoja wa handikapu mwaka 2020, ulipounganisha mifumo sita iliyokuwa ikitumika mabara mbalimbali.

Mkutano wa kwanza

Kila klabu itume wajumbe wawili, na waje na barua ya klabu inayosema wametumwa. Usikubali mjumbe wa mdomo. Nimewahi kuona kikao kizima kikibatilishwa baada ya miezi mitano kwa sababu nahodha mmoja alikuja kwa hiari yake na kamati ya klabu yake ikakana kila alichokubali.

Siku hiyo msipitishe katiba. Chagueni kamati ya muda ya watu watano, ipeni miezi mitatu iandike rasimu, rasimu irudi kwenye klabu zisome, ndipo mkutane tena kupiga kura. Waandike waliohudhuria, nani alipendekeza nini, nani aliunga mkono. Karatasi hiyo ya kwanza ndiyo cheti cha kuzaliwa cha chama, na miaka 40 baadaye mtu ataitafuta kwa udi na uvumba.

Mapema kabisa, wasilianeni na chama cha taifa. Chama cha mkoa hakitungi kanuni za gofu; hizo ni za R&A (chombo cha kanuni cha St Andrews) na USGA, ambazo tangu mwaka 1952 zimekuwa zikitoa kanuni za pamoja. Handikapu nayo hutolewa kwa idhini ya chama cha taifa. Mkianza kugawa handikapu zenu wenyewe, mtakuwa mmerudi mwaka 1894.

Katiba: vifungu ambavyo watu hugombania

Jina, mipaka ya eneo, mwaka wa fedha, akidi: hivyo havina taabu. Nitakaa kwenye vitatu.

Cha kwanza ni kura. Mwanachama wa chama cha mkoa awe klabu, si mtu mmoja mmoja, na kila klabu iwe na kura sawa. Klabu kubwa zitadai kura kulingana na idadi ya wanachama wao, na watakuambia ndio wanaolipa zaidi. Ada inaweza kufuata idadi, kura isifuate. Nilishuhudia chama jirani ambako klabu moja kubwa ilikuwa ikipitisha kila jambo peke yake. Ndani ya misimu miwili klabu ndogo tatu ziliacha kuleta wachezaji, na chama kikabaki jina tu.

Cha pili ni nani anaruhusiwa. Andikeni wazi kwamba klabu isiyobagua kwa rangi, dini, jinsia au kabila ndiyo itakayopokelewa, na kwamba mashindano yako wazi kwa kila mchezaji wa klabu hizo anayetimiza kiwango. Msiseme "hilo linajulikana." Mwaka 1896, kwenye US Open, ubingwa wa wazi wa Marekani, iliyochezwa Shinnecock Hills, baadhi ya wachezaji walitishia kugoma kwa sababu John Shippen, kijana mweusi, na Oscar Bunn, Mhindi Mwekundu wa kabila la Shinnecock, walikuwa wamejiandikisha. Rais wa USGA, Theodore Havemeyer, alikataa kuwaondoa. Alikuwa tayari shindano lichezwe na hao wawili peke yao. Wagomaji wakacheza. Lakini uamuzi wa mtu mmoja shupavu hauwi kinga ya kudumu: chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuja kuwa na kifungu cha kuwapokea wazungu pekee, na kifungu hicho hakikuondolewa hadi mwaka 1961. Maandishi yaliwafungia watu mlango. Maandishi pia yanaweza kuufungua na kuuzuia usifungwe tena.

Kuhusu jinsia, undeni chama kimoja tangu siku ya kwanza. England kulikuwa na chama cha wanaume na chama cha wanawake, na viliungana mwaka 2012 baada ya miaka mingi ya kuwa na ofisi mbili na ratiba mbili. Ninyi mna nafasi ya kuanza mahali wao walipofikia.

Cha tatu ni ukomo. Mwenyekiti akae miaka miwili, na asizidishe vipindi viwili mfululizo. Mwekahazina vivyo hivyo. Katibu na mkuu wa kamati ya handikapu waruhusiwe kukaa zaidi, kwa sababu kazi zao hufunzwa polepole na zinahitaji mtu anayekumbuka. Marekebisho ya katiba yapite kwa theluthi mbili ya klabu zote, si theluthi mbili ya waliofika siku hiyo.

Handikapu ndiyo roho

Hapa naomba usiharakishe, hata kama hupendi hesabu.

Wachezaji wawili wamerudisha kadi, kila mmoja kapiga mikwaju 88. Mmoja alicheza kwenye uwanja wenye kadirio la 71.2 na slopu ya 126, namba mbili zinazopima ugumu wa uwanja. Mwingine alicheza kwenye uwanja wenye kadirio la 68.4 na slopu ya 108. Je, wako sawa?

Toa kadirio kwenye mikwaju, zidisha kwa 113, gawanya kwa slopu. Wa kwanza: 88 kutoa 71.2 ni 16.8, mara 113, gawa kwa 126, unapata 15.1. Wa pili: 88 kutoa 68.4 ni 19.6, mara 113, gawa kwa 108, unapata 20.5. Kwa hiyo 88 ya wa kwanza ni mchezo bora kwa zaidi ya mikwaju mitano. Kabla chama hakijaanza kupima viwanja, hawa wawili wangepewa handikapu moja, wakutane fainali, na aliyetoka uwanja rahisi aibiwe ushindi bila mtu yeyote kudanganya.

Ile 113 ndiyo slopu ya uwanja wa ugumu wa kawaida. Slopu huanzia 55 na kuishia 155. Kadirio ni mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji wa skrachi, yaani mwenye handikapu ya 0. Slopu huonyesha ugumu unaongezeka kiasi gani kwa mchezaji wa kawaida anayelinganishwa na huyo. Ndiyo maana viwanja viwili vyenye urefu mmoja vinaweza kuwa na slopu tofauti kabisa: bwawa lililo yadi 190 kutoka kwenye ti, mahali pa kupigia mpira wa kwanza wa shimo, bingwa halioni, lakini mchezaji anayepiga yadi 200 kwenye siku yake njema litammaliza.

Mtu hupata handikapu yake ya kwanza akisharudisha kadi zenye jumla ya mashimo 54. Baada ya hapo, kadi zake 20 za karibuni ndizo zinazoangaliwa, na wastani wa 8 zilizo bora kati yake ndio handikapu. Kiwango cha juu ni 54.0. Kuna breki pia: handikapu ikipanda zaidi ya 3 juu ya kiwango chake cha chini cha mwaka uliopita, mpando unaozidi hapo hukatwa nusu, na haiwezi kabisa kupanda zaidi ya 5. Breki hiyo imewekwa kwa ajili ya anayepitia kipindi kibaya, na pia kwa ajili ya anayerudisha kadi mbovu makusudi wiki chache kabla ya shindano.

Programu ya kompyuta itakufanyia hesabu zote hizi. Haitakufanyia kazi ya kamati, ambayo ni kuuliza. Kila mwezi kamati ya mkoa ipitie orodha ya kila klabu na itafute mambo mawili: mchezaji anayeshinda mara kwa mara ugenini huku kadi zake za nyumbani ni mbovu, na mchezaji ambaye kadi zake zote zimesainiwa na rafiki mmoja. Usimtuhumu. Mpigie nahodha wake simu, mwombe kadi zenyewe, mkae naye. Katika miaka yangu, nyingi ya kesi hizi zilikuwa uzembe wa kurudisha kadi wala si hila, na zilikwisha kwa mazungumzo ya dakika 20. Chache zilikuwa hila, na hizo tulizikatia handikapu kwa uamuzi wa kamati, kwa maandishi, na mchezaji akapewa nafasi ya kukata rufaa.

Kupima viwanja ni kazi ya kikosi cha mkoa kilichofunzwa na chama cha taifa. Kila uwanja urudiwe angalau mara moja katika miaka 10, na mapema zaidi ukibadilishwa. Tembeeni na kifaa cha kupimia, msitegemee namba zilizochapishwa kwenye kadi. Tulifika uwanja mmoja tukakuta ti tatu zimesogezwa nyuma misimu miwili iliyopita bila taarifa. Kwa jumla uwanja ulikuwa umerefuka yadi 140. Wachezaji wa klabu ile walikuwa wakionekana dhaifu kuliko walivyo, na walipotoka walikuwa wakishinda. Wenzao walikuwa wameanza kuwaita wezi. Hakuna aliyeiba kitu. Tangu siku ile tukaweka kanuni kwamba klabu ikihamisha ti kwa kudumu au ikibadilisha bunka, yaani shimo la mchanga, itume taarifa ndani ya siku 14.

Siku ya ubingwa

Tarehe za mwaka mzima zitoke miezi sita kabla, baada ya kutazama ratiba ya taifa. Ubingwa wa mkoa uwe wa mikwaju, mashimo 36 au 54, bila handikapu. Siku nyingine za msimu zitumie mtindo wa Stableford, uliobuniwa na daktari Frank Stableford na kuchezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932: mchezaji hupata pointi kwa kila shimo, na shimo moja lililoharibika halimwondolei matumaini ya siku nzima. Kwa klabu zinazokutana mara ya kwanza hakuna mtindo ulio mzuri kuliko huo. Watu humaliza wakiwa bado wanazungumza.

Pigeni hesabu ya saa kabla ya kufungua usajili. Wachezaji 72 kwa makundi ya watatu ni makundi 24. Ukiyaachanisha kwa dakika 10, na la kwanza likatoka saa 1:00 asubuhi, la mwisho litatoka saa 4:50. Likicheza kwa muda wa saa nne na nusu, litamaliza saa 9:20 alasiri. Vizuri. Sasa jaribu wachezaji 120: makundi 40, la mwisho linatoka saa 7:30 mchana na kumaliza saa 12:00 jioni, na hapo hujahesabu mvua wala mpira uliopotea. Wengine wataomba uwasogeze hadi dakika 7 kati ya kundi na kundi. Usikubali, watasongamana kwenye shimo la kwanza fupi na kila mtu atarudi amechoka.

Masharti ya shindano yabandikwe wiki mbili kabla: nani anaruhusiwa, ti zipi, sare itaamuliwaje, zawadi ni nini. Sare ndiyo inayosahaulika. Ukiiacha bila kuandika, utaiamua jioni mbele ya watu wawili waliopiga mikwaju sawa, na yeyote utakayemnyima ataamini umempendelea mwenzake.

Kuhusu kadi, wekeni mahali pa kuipokea: meza, viti vinne, kivuli, watu wawili watulivu, na pasiwe karibu na baa. Mchezaji asiondoke hapo kabla yeye na mwenzake aliyemwandikia hawajasoma shimo kwa shimo kwa sauti na kusaini. Kanuni ni kali. Ukiandikiwa namba ndogo kuliko uliyopiga kwenye shimo, unatolewa, isipokuwa kosa ni adhabu ambayo hukujua umeipata. Ukiandikiwa kubwa zaidi, kubwa hiyo inabaki. Mwaka 1968 kwenye Masters, shindano kubwa la Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga 3 kwenye shimo la 17, mwenzake akamwandikia 4, naye akasaini. Mikwaju 65 ikawa 66, na ubingwa ukaenda kwa Bob Goalby kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Yule alikuwa mchezaji wa kulipwa aliyezoea mashindano makubwa, tena ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Kijana wa miaka 16 anayecheza ubingwa wake wa kwanza wa mkoa anahitaji kiti, kivuli na mtu wa kumwambia, "Soma tena."

Zawadi zisizidi mpaka wa ridhaa. Tangu Januari 2022 mpaka ni pauni 700 au dola 1,000 za Marekani. Fedha taslimu ndani ya mpaka huo zinaruhusiwa kwenye shindano lisilo na handikapu pekee; kwenye shindano la handikapu, fedha taslimu haziruhusiwi hata kidogo. Wafadhili hawalijui hili. Waambieni kabla hawajatangaza.

Fedha, kwa ufupi

Ada kutoka kila klabu, saini mbili kwenye akaunti, stakabadhi kwa kila kitu, na hesabu zikaguliwe na mtu asiye kwenye kamati. Ripoti isomwe klabu zote zikiwepo. Chama kinachofanya haya yote hakina hadithi ya kusimulia kuhusu fedha, na ndivyo inavyotakiwa.

Makedi na vijana

Mwaka 1916 Chick Evans, aliyekulia kwenye kazi ya kubeba mifuko ya wachezaji, alishinda US Open na US Amateur, ubingwa wa ridhaa wa Marekani, katika msimu mmoja. Akalipwa kwa kurekodi mafunzo ya gofu, lakini alitaka kubaki mchezaji wa ridhaa, na fedha zile zingemvua hadhi hiyo. Mama yake akamshauri zitumike kusomesha makedi, yaani wabeba mifuko. Chama cha Western, ambacho ni chama cha eneo kilichoanzishwa Chicago mwaka 1899, kikakubali kuusimamia mfuko huo, na mwaka 1930 makedi wawili wa kwanza wakaingia Chuo Kikuu cha Northwestern. Mfuko huo unasomesha hadi leo.

Nakisimulia kisa hiki kila ninapopata nafasi kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo klabu moja haiwezi kulifanya peke yake. Anzeni na dogo: siku moja kwa mwezi uwanja uwe wazi kwa makedi wacheze, kadi zao zihesabiwe, wapewe handikapu kama wachezaji wengine. Sisi tulipofanya hivyo, katika mwaka wa kwanza makedi sita walitokea kuwa na handikapu chini ya 5. Walikuwa pale miaka yote. Hakuna aliyewahi kuwaandikia kadi.

Kuandika historia ya chama

Chama kikishafikisha miaka kadhaa, mtu lazima apewe kazi ya kukusanya historia. Nilipewa mimi, na nilidhani itakuwa kazi ya miezi miwili. Ilichukua miaka mitatu.

Anza na jedwali. Kila mwaka mstari mmoja, na safu tano: mwenyekiti, katibu, bingwa wa wanaume, bingwa wa wanawake, uwanja. Jaza unachokijua, acha wazi usichokijua, kisha nenda ukatafute mapengo. Vyanzo ni daftari za mikutano, maandishi yaliyochongwa kwenye makombe, mbao za mabingwa ukutani, magazeti ya zamani, picha, na watu.

Usiandike jambo kuwa la hakika mpaka vyanzo viwili vikubaliane. Kwenye kombe letu kulikuwa na jina la bingwa katika mwaka ambao daftari la mikutano lilisema ubingwa uliahirishwa kwa mvua. Nilizunguka na jambo hilo miezi minne, hadi nilipokuta kipande cha gazeti: shindano lilichezwa Machi ya mwaka uliofuata, na mchongaji aliandika mwaka wa awali. Mwaka huo uliofuata una mabingwa wawili wa halali, wa Machi na wa Oktoba, na wote wawili sasa wamo.

Mbao za zamani huwaandika wanawake kwa majina ya waume zao. Watafute majina yao wenyewe. Sisi tulikuwa na tisa wa namna hiyo. Saba tuliwapata kwa kuwauliza watoto na wajukuu, na ubao ukaandikwa upya. Mjukuu mmoja alikuja na kadi ya bibi yake iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya Biblia, penseli bado inasomeka.

Ukienda kwa wazee, usiseme, "Nisimulie historia." Watakupa hotuba. Chukua picha au ramani ya uwanja uulize: ti ya shimo la saba ilikuwa wapi? Hapo maneno hutiririka. Nenda kwa makedi wastaafu kabla ya kwenda kwa marais wastaafu, kwa sababu wao walikuwa uwanjani kila siku na macho yao yalikuwa kwenye mpira. Picha ziandikwe nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya na kuharibu uso. Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka.

Na andika ugomvi. Kwenye daftari letu la zamani kulikuwa na uamuzi wa sentensi moja: klabu mwenyeji isipange waamuzi wake yenyewe. Kamati ya wakati wangu iliuona kama urasimu, ikaufuta. Msimu huohuo tukapata mzozo wa mpira uliotoka nje ya mpaka kwenye shimo la mwisho, mwamuzi akiwa kaka wa aliyefaidika. Ndipo mzee mmoja aliponieleza kwamba sentensi ile ilitokana na mzozo wa namna hiyohiyo zamani. Uamuzi ulikuwa umehifadhiwa, sababu yake ilikuwa imepotea. Tuliurudisha, na kwenye fomu ya muhtasari tukaongeza mstari mmoja chini ya kila azimio: *Sababu*. Mwandishi wa kikao haruhusiwi kuuacha wazi.

Makabidhiano

Siku ya kumkabidhi katibu mpya, msikutane barabarani wala kwenye simu. Kaeni mezani na orodha: katiba yenye marekebisho yote, daftari za mikutano, orodha ya handikapu ya mwezi huo, ripoti za upimaji wa kila uwanja, masharti ya mashindano ya miaka mitano, leja na taarifa za benki, funguo, nywila za programu ya handikapu, makombe kwa idadi na mahali lilipo kila moja, jedwali la historia na nakala yake. Msome kimoja kimoja, mkishike, mtie alama. Kombe lililo nyumbani kwa bingwa liandikwe jina la aliyenalo na tarehe ya kulirudisha. Kisha wote wawili msaini nakala tatu: moja yake, moja yako, ya tatu ibaki kwa mwenyekiti.